Msafara wa Mamba na Kenge Wake

Ndani ya Musée Vivant ya Bujumbura, mgeni anayesimama kumtazama mamba anapata somo la meno ambalo vitabu vingi havilitoi. Mamba akiachama, kila jino linaonekana limesimama katika tundu lake: moja refu, jingine fupi, jingine jipya linachomoza pale la zamani lilipong'oka. Safu haikunyooka, na huwezi kukuta meno mawili yamebanana katika tundu moja. Picha hiyo inamfaa yeyote anayetamani kununua taya la reptilia wa bahari za kale. Wauzaji wamejaa kwenye intaneti, na kwenye msafara wa mamba, na kenge wamo.

Ila hapa methali inageuka na kumcheka mwenye kuitumia. Mosasauri, waliotamba baharini hadi miaka milioni 66 iliyopita, hawakuwa mamba. Fuvu lao mashuhuri kuliko yote lilichimbwa karibu na Maastricht, Uholanzi, katika karne ya 18. Wengine wakasema ni mamba, wengine nyangumi, mpaka Adriaan Camper alipotambua kwamba linafanana na la kenge, na Mfaransa Georges Cuvier akamuunga mkono. Kumbe kenge ndiye mwenye msafara.

Swali la kwanza mbele ya kisukuku chochote si "ni halisi?" bali "kimetoka wapi?" Mtu akidai kwamba taya lake la mosasauri liliokotwa ufukweni mwa Tanganyika, mazungumzo yamekwisha. Ziwa hilo ni la kale kwa hesabu za maziwa, lakini lina takriban miaka milioni 9 hadi 12 tu. Mosasauri walikuwa wameshatoweka zamani. Nayo miamba mingi ya milima inayoutazama mji wa Bujumbura ina zaidi ya miaka bilioni moja, enzi ambayo mnyama mwenye uti wa mgongo alikuwa bado. Afrika Mashariki ina wake wa kujivunia: mwaka 1924 Sidney Haughton alimpa jina Tangasaurus reptilia mdogo mwenye mkia wa kuogelea aliyepatikana Tanga. Huyo ni wa zamani hata kuliko dinosauri, wala hapatikani kwa wachuuzi.

Mosasauri wengi wanaouzwa wanatoka Moroko. Karibu na Khouribga kuna machimbo makubwa ya fosfeti, na ndani ya tabaka hizo meno ya mosasauri yamejaa kama dagaa sokoni. Jino moja moja ni rahisi kupata na bei yake si kubwa. Taya zima lenye meno yake ni adimu na ni ghali. Mwenye akili ya biashara ameshaona njia hapo: achukue meno halisi yaliyokuwa yametapakaa, ayapange juu ya vipande vya mifupa, aunge kwa gundi iliyochanganywa na mchanga wa machimbo yale yale, na taya limepatikana.

Ndiyo maana kughushi kwa aina hii kunawapiga chenga hata wazoefu. Mnunuzi hulichunguza jino, akaliona ni la kweli, akaridhika. Kumbe uongo umekaa chini yake, pale jino linapokutana na mfupa. Hapo ndipo pa kuweka kioo cha kukuzia. Je, mzizi unaonekana, au umezungukwa na mchanga laini usio na tabaka? Je, meno yote yanalingana urefu na kuinama upande mmoja kama askari kwenye gwaride? Kuna vitobo vidogo vya mviringo, alama ya mapovu ya hewa ndani ya resini iliyomiminwa?

Hata wanasayansi wamejikuta katika mjadala huu. Mwaka 2021, Nick Longrich na wenzake walitangaza mosasauri mpya kutoka Moroko, Xenodens calminechari, mwenye meno bapa yaliyopangana kama ya msumeno; jina lake la pili linatokana na Kiarabu chenye maana hiyo hiyo. Taya lenyewe halikuchimbuliwa na wanasayansi. Mwishoni mwa 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walieleza mashaka yao: meno mawili yalionekana kukaa katika tundu moja, jambo lisilo la kawaida kwa mosasauri, na kitu kama gundi kilionekana kwenye maungio. Hawakusema wamethibitisha udanganyifu. Walitaka taya lipitishwe kwenye CT skani, mashine ile ile ya hospitalini, ili ndani paonekane bila kuvunja kitu.

Sasa, kukarabati si dhambi. Kila mkazi wa Bujumbura anajua gereji za mtaa wa Buyenzi, ambako gari lililobonyea hunyooshwa na kupakwa mastiki na rangi mpaka ling'ae. Kosa linaanza pale muuzaji anapoapa kwamba gari halijawahi kugongwa. Mifupa iliyolala ardhini miaka milioni 70 hutoka imepasuka, na fundi hulazimika kuiunga. Fundi mzuri anatumia gundi inayoweza kuyeyushwa baadaye, kama Paraloid B-72 ambayo huachia kwa asetoni, anaandika alichoongeza, na sehemu ya plasta anaiacha na rangi iliyofifia kidogo ili jicho liitofautishe.

Fundi mwenye pupa hutambulika kwa mkono wake. Sindano inayoendeshwa na upepo wa kompresa, ikishikwa vibaya, huacha mifereji juu ya mfupa. Unga unaopulizwa kuondoa mwamba, ukizidi, hukwangua ngozi ya mfupa pamoja na vijitundu vya mishipa ya damu, na kinachobaki ni umbo laini kama sabuni iliyotumika. Kisha vanishi hupakwa kufunika aibu. Kisukuku cha namna hiyo ni halisi kabisa, lakini kimekwisha kuharibiwa, na kwa maoni ya mwandishi huyu hasara yake haina tofauti kubwa na ya kile cha kughushi.

Taa ya urujuanimno, ya jamii ya ile ya kukagulia noti benki, husaidia kuona kilichoongezwa: gizani, gundi na rangi mara nyingi hung'aa tofauti na mfupa.

Mchezo wa kughushi visukuku si mgeni. Mwaka 1834, Makumbusho ya Uingereza yalinunua mkusanyiko wa Thomas Hawkins wa iktiosauri na plesiosauri, reptilia wengine wa bahari za kale. Muda si mrefu mtunzaji Charles König akagundua kwamba mmoja wao alikuwa na sehemu za plasta zilizopakwa rangi zifanane na mfupa, na suala likafika hadi bungeni. Na kosa la upande wa pili lipo pia. Plesiosauri aliyechimbuliwa na Mary Anning huko Lyme Regis mwaka 1823 alikuwa na shingo ndefu kupita kiasi. Cuvier, baada ya kuona mchoro tu, alishuku kwamba mifupa ya wanyama tofauti imeunganishwa. Mnyama alikuwa wa kweli, na Cuvier akakubali.

Huko Cardiff, Wales, iktiosauri mmoja alikaa makumbusho kwa zaidi ya miaka 100 bila kutiliwa shaka. Wahifadhi walipombandua tabaka 5 za rangi, walikuta iktiosauri wa aina mbili waliounganishwa, na mapengo yamezibwa kwa vipande vya kutengeneza. Hawakumtupa. Waliamua aonyeshwe vile vile alivyo, kama mfano wa kisukuku cha kughushi.