Vidudu vya mto vinasafiri usiku: vikishuka muchana, tujiulize

Geuza jiwe moja ndani ya kijito chenye maji ya mbio. Chini yake utaona vidudu vimejishika: vingine vina mikia mitatu, vingine vimejijengea kanyumba ka muchanga. Ni watoto wa wadudu ambao baadaye wataota mabawa. Muchana vinajificha pale, juu samaki anawinda kwa macho.

Giza likiingia, njo vinapanda juu ya jiwe kutafuta chakula. Kule maji yana nguvu: vingine vinabebwa, vingine vinajiachilia vyenyewe. Mara nyingi ni mwanzo wa usiku ndipo vinashuka vingi zaidi. Mbalamwezi ikiwa kali, vinapunguka. Wataalamu wanatega wavu mwembamba ndani ya maji na kuvihesabu saa kwa saa.

Sasa mbona kule juu hakubaki bure? Mwaka 1954 mtaalamu Karl Müller, aliyefanya kazi Uswidi, alieleza kama wadudu wakisha kuota mabawa wanaruka kuelekea chanzo cha mto na kutaga mayai kule. Si aina zote zinafanya vile, lakini mayai ya wachache tu yanaweza kujaza kijito.

Huku Kivu, mvua ikirudi mwezi wa 9, maji yanabingirisha mawe yenyewe na vidudu vinakokotwa hata muchana. Hiyo inaeleweka, maji yenyewe yanakuwa ya udongo.

Lakini siku ingine jua linawaka, maji ni safi, na bado vidudu vinateremuka kwa wingi, vingine vinajikunja-kunja. Pale, fikiria sumu. Afrika ya Magharibi, tangu 1974, walimwaga dawa katika mito kuua watoto wa nzi wanaoleta upofu wa mto. Waliweka nyavu muchana na usiku, ili waone kama dawa inang'oa na vidudu vingine.

Kwetu hakuna nyavu, lakini macho iko. Kuna wanaovua samaki kwa utupa, hata kwa dawa ya nyanya, na kuna wanaosafisha pompi ya kupulizia palepale mtoni. Ukiona vile, usichote. Ambia wamama wanaochota chini yako, kisha mupande kuangalia ni nani yuko kule juu. Na musijidanganye na moto: kuchemsha kunaua mikrobi za kuharisha, hakuondoi dawa ya mashamba.