Wapelelezi wa Shinkolobwe walisema wanatafuta almasi

Watu wengi wa Likasi wanajua kama jiwe la Shinkolobwe njo lilitengeneza bomu la Hiroshima. Wazee walituambia, nasi tunaambia watoto. Lakini iko sehemu moja ya habari ile inayosemwa kidogo sana: Wamarekani walituma wapelelezi hapa Kongo kulinda jiwe lile, na wapelelezi wenyewe, wengi wao hawakujua wanalinda nini.

Tuanze na sababu ya woga wao. Tarehe 2 Agosti 1939 mtaalamu Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt. Barua ilisema uraniumu inaweza kuzaa bomu la nguvu isiyopata kuonekana, na fasi yenye uraniumu ya maana kupita zote ni Kongo ya Wabelgiji. Mwaka uliofuata Wajerumani waliingia Ubelgiji. Kule Olen, Union Minière ilikuwa na kiwanda ambamo mawe ya Shinkolobwe yalitolewa radiamu, na Wajerumani walikamata uraniumu nyingi iliyokuwa imebaki pale. Basi Wamarekani walijiuliza: je, kama wanapata na ingine kutoka Katanga?

Mukubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alikuwa mjanja. Alikuwa amekwisha kukimbilia New York, na mwaka 1940 aliagiza mawe yaliyokuwa yamechimbwa yapelekwe kule: tani zaidi ya 1.100, ndani ya mapipa ya chuma, katika bohari moja ya Staten Island. Yalikaa miaka miwili bila mtu kuyauliza. Tarehe 18 Septemba 1942 aliingia kwake ofisini Kanali Kenneth Nichols. Sengier akamuuliza kwanza kama amekuja kununua kweli ao kuongea tu. Kiisha saa moja mapatano yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi ya manjano. Ninyi mnaojua bei ya jiwe mtaelewa haraka ile: mawe yale yalikuwa na uraniumu karibu 65 kwa 100. Ya Colorado, kwao Marekani, hayakufika hata 1.

Mgodi ulikuwa umefungwa tangu 1937, maji yamejaa. Ukafunguliwa tena, maji yakavutwa, kazi ikaanza usiku na mchana. Mizigo ilipanda treni mpaka Port-Francqui (ni Ilebo ya leo), ikashuka na masua kwenye mto Kasai mpaka Léopoldville, halafu treni tena mpaka Matadi. Ni njia ndefu, na kwa kila kituo kuna mikono mingi na macho mingi. Njo pale wapelelezi wakaingia.

Marekani ilikuwa na ofisi mpya ya upelelezi, OSS, iliyozaliwa mwaka 1942. Mwisho wa 1943 ilimtuma Léopoldville injinia mmoja, Wilbur Hogue, mwenye jina la siri Teton. Kwa macho ya watu alikuwa anatumika kwenye konsula. Kwa wenzake wapelelezi aliambiwa aseme anafuata almasi za magendo zinazokwenda Ujerumani. Ona akili ya mambo ile: haikuwa uongo mtupu. Almasi za Kasai zilihitajiwa kweli katika mashini za vita, na magendo yalikuwako. Mtu akimuona Hogue anauliza maswali bandarini ao kwenye treni, alikuwa na jibu tayari, na jibu lenyewe lilikuwa nusu ya kweli. Habari hizi tunazijua kwa sababu karatasi za OSS zilifunguliwa, na mwanahistoria Susan Williams alizikusanya katika kitabu mwaka 2016.

Sasa tuulize swali letu. Kama mpelelezi alifichwa, mchimbaji je? Wale waliopanga mawe kwa mikono, nani aliwaambia? Siri ile haikuwazuia Wajerumani tu. Iliwazuia pia baba zetu kujua kitu gani kiko kwenye nguo zao wanaporudi nyumbani kwa wake na watoto. Jiwe la uraniumu linatoa hewa inayoitwa radoni. Haina rangi wala harufu, na kwa muda mrefu inaleta kansa ya mapafu. Chini ya ardhi, fasi isiyo na upepo, inajaa.

Hii si habari ya zamani tu. Mashimo ya Shinkolobwe yalifungwa na beto karibu na uhuru, lakini miaka ya nyuma wachimbaji walirudi kwa ajili ya kobalti. Januari 2004 mkubwa wa inchi alifunga fasi ile kwa amri. Julai mwaka uleule shimo likaanguka, watu wasiopungua 8 wakafa. Mtu anayewaambia kama kule kuna kobalti tu, na mengine ni hadisi, anafanya sawa Hogue na almasi yake: anasema nusu.

Hogue alikufa mwaka 1952, na miaka 42 tu. Sengier, yeye, alipewa medali na Wamarekani mwaka 1946, na jina lake likapewa jiwe: sengierite, lenye uraniumu na shaba, lililopatikana kule Luiswishi, pembeni ya Lubumbashi. Majina ya wachimbaji wa miaka ya vita hayakupata jiwe wala medali. Kama kwenu kuna mzee aliyetumika Shinkolobwe, na karatasi yake ya kazi ingali ndani ya sanduku, msiichome wala kuiacha ioze. Karatasi za wapelelezi zimekwisha kusomwa. Zake bado.