Diski ya Nje na Linux: Tuchague Mfumo Gani wa Faili?

Mwanafunzi anarudi kutoka uwandani na video ya mzee akisimulia ngano. Anainakili kwenye diski ya nje yenye nafasi tele, lakini kazi inakatika na kompyuta inasema kuwa faili ni kubwa mno. Diski haina kasoro. Tatizo ni mfumo wa faili, yaani utaratibu wa kupanga data ndani ya diski. Sisi tunaotumia Linux hatuna budi kuuelewa, kwa kuwa diski hiyohiyo hupita pia katika kompyuta za Windows.

FAT32 husomwa karibu kila mahali, hata kwenye redio na televisheni. Hata hivyo, faili moja haiwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, yaani takriban GB 4. Unafaa kwa matini na rekodi fupi za sauti.

exFAT ulitolewa na Microsoft mwaka 2006 na uliondoa kikwazo hicho. Mwaka 2019 Microsoft ilichapisha maelezo yake rasmi, na kiini cha Linux kikaanza kuutambua mwaka huohuo. Udhaifu wake ni kwamba hauweki kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea. Umeme ukikatika wakati wa kunakili, faili zinaweza kuharibika.

NTFS, mfumo wa Windows, huweka kumbukumbu hiyo. Linux huusoma na kuuandika kwa programu ya NTFS-3G, au kwa kiini chenyewe tangu toleo la 5.15 la mwaka 2021.

ext4 ni mfumo wa Linux wenyewe. Nao huweka kumbukumbu, na hutunza ruhusa za kila mtumiaji. Lakini Windows haiusomi bila programu ya ziada, na huenda ikapendekeza kufomati diski. Tusikubali! Kufomati ni kufuta.

Ushauri wetu ni huu: diski ya kuzungushwa kati ya kompyuta mbalimbali iwe ya exFAT, ya hifadhi, inayobaki kwenye Linux, iwe ya ext4. Tuwe na nakala mbili daima. Tena, tusichomoe diski kabla ya kuiondoa kwa amri ya kompyuta, kwani Linux huweza kuonyesha kuwa kazi imekwisha ilhali sehemu ya data ingali kwenye kumbukumbu yake.

Diski nyingine itanunuliwa. Sauti ya mzee aliyekwisha kututoka haipatikani tena.