Ziwa likipanda, matete yapate nafasi ya kuhamia

Ndugu wakulima wa kando ya Tanganyika,

Mwaka 2024 maji ya ziwa yaliingia ndani ya nyumba za watu Uvira na Kalemie, na kwenye mashamba ya chini mihogo ilioza. Tangu hapo, kila tukifika kwenye koperative swali ni lilelile: mtatusaidia lini kujenga ukuta wa mifuko ya mchanga?

Tunaelewa. Lakini tuangalie kwanza matete. Yanaota pale maji hayana kina. Mizizi inashika udongo, mashina yanavunja mawimbi, samaki wadogo wanajificha mule. Maji yakipanda na kubaki juu, matete ya mbele yanazama na kufa. Mapya yanaota nyuma, upande wa nchi kavu, kama kuko nafasi. Kama nyuma kuko ukuta, nyumba ao shamba linalolimwa mpaka mwisho, hayana pa kwenda, na mawimbi yanapiga udongo wenu moja kwa moja. (Na sisi tuko na kosa letu: zamani tulishauri wengine kung'oa matete juu ya kuongeza mpunga.)

Hata baharini ni vile. Uingereza, kwenye pwani ya Essex, mwaka 2002 wenye shamba moja walitoboa ukuta wao wenyewe, ili majani ya maji ya chumvi yahamie ndani. Walipoteza ardhi ya kulima, wakapata majani ya kupunguza nguvu ya mawimbi. Lakini bahari inazidi tu kupanda. Ziwa letu, lenye mlango mmoja wa kutokea maji, Lukuga, linashuka pia, na likishuka watu wanarudi kulima mpaka majini.

Basi kabla ya mvua tembeeni pamoja na wazee, mpige rangi kwenye miti pale maji yalifika 2024. Chini ya alama msipande mihogo wala migomba. Mboga za muda mfupi wakati wa kiangazi, sawa.

Jambo gumu ni shamba la nani linaachwa. Pale tulipopita, mashamba ya chini kabisa ni ya wajane na wanaokodi. Koperative iandike kwanza, mbele ya shefu wa kijiji, nani atapewa kipande gani kule juu, kisha ndipo matete yaachwe. Asiyepewa kitu atayakata usiku, na hatutamlaumu.