Mtoto akikuuliza mkaa ukiungua unakwenda wapi, utamjibu nini?

Jioni moja nilikuwa nyumbani kwa kaka yangu, Kimara. Wifi alikuwa amebandika maharage kwenye jiko la mkaa barazani, na binti yao wa darasa la nne alikuwa pembeni anafanya kazi ya shule kuhusu mzunguko wa maji. Ghafla aliacha kuandika akaangalia jiko.

“Shangazi, mama alinunua makopo mawili ya mkaa, sasa limebaki jivu kidogo tu. Mkaa wenyewe umekwenda wapi?”

Nilitaka kumwambia “umeungua”, lakini nikaona hilo si jibu. Hakuna kitu kinachotoweka. Jibu la swali lake linagusa maji ya bomba, hewa anayovuta mtoto usiku na kuhara kunakotusumbua wazazi kila mvua zinapozidi. Ndiyo maana nalileta kwako.

Mti ni hewa na maji

Wengi tunadhani mti unakula udongo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mti imetoka hewani na kwenye maji. Majani huvuta hewa ukaa, yaani kabonidioksaidi, na mizizi hunyonya maji. Kwa nguvu ya jua, mti huviunganisha vitu hivyo viwili kutengeneza sukari, na kutokana na sukari hiyo hujenga shina, matawi na mizizi. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Udongo huchangia madini kidogo, na hayo ndiyo yanayobaki jikoni kama jivu.

Mchoma mkaa huyafukia magogo kwenye tanuri la udongo na kuyaunguza kwa hewa kidogo. Maji na gesi hutoka kama moshi mzito, na kinachobaki kwa sehemu kubwa ni kaboni. Ndiyo maana mkaa ni mwepesi kuliko kuni. Kwa matanuri ya kienyeji, kilo moja ya mkaa inaweza kugharimu kilo tano hadi kumi za kuni.

Ukiuwasha jikoni, kaboni hiyo hushikana na oksijeni na kurudi angani kama hewa ukaa. Kilo moja ya kaboni ikiungua yote hutoa takriban kilo 3.67 za hewa ukaa, kwa sababu oksijeni nayo ina uzito wake. Kwa hiyo mkaa wa wifi haukupotea. Ulirudi ulikotoka.

Mzunguko unapoelemewa

Hewa hiyo ikiwa angani, sehemu yake huvutwa tena na miti, mahindi na mihogo, na nyingine huyeyuka baharini. Mwanao akila ugali, mwili wake huunguza kaboni ya mahindi na kuitoa kwa pumzi. Huo ndio mzunguko wa kaboni.

Shida inakuja tunapotoa kuliko kinachorudishwa. Kabla ya enzi za viwanda, kila chembe milioni moja za hewa zilikuwa na takriban 280 za hewa ukaa. Leo zimepita 420. Sehemu kubwa ya ongezeko imetokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi, ambayo ni kaboni iliyozikwa ardhini mamilioni ya miaka. Ukataji wa misitu nao umeongeza mzigo.

Hewa ukaa hushika joto kama blanketi, na hapo ndipo kaboni inapokutana na maji. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hewa yenye kiu hukausha shamba na mto haraka zaidi, na mvua ikija huja kwa kishindo.

Maji yako yanatoka wapi

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, somo hili lina jina: Mto Ruvu. Jua huvukiza maji ya Bahari ya Hindi, mvuke hukaa angani kwa wastani wa siku tisa hivi, upepo huusukuma hadi Milima ya Uluguru, Morogoro, na unapopanda mlima hupoa na kuwa mvua. Msitu huipokea mvua hiyo taratibu. Majani huvunja kasi yake, maji huzama ardhini, kisha huchuruzika kidogo kidogo mtoni hata wakati wa kiangazi. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huyasafisha na kuyaleta mjini.

Ukiondoa miti, maji hayazami. Hukimbia juu ya ardhi, hubeba udongo na kuufanya mto kuwa tope, halafu kiangazi kikifika mto hukonda. Gunia la mkaa linaloshushwa mtaani kwetu mara nyingi limetoka misitu ya Pwani, Morogoro, Tanga au Lindi. Habari njema ni kwamba miti mingi ya miombo huchipua tena kutoka kwenye kisiki, mradi ipewe muda.

Wazazi wa Dar wanakumbuka mgawo wa maji wa mwishoni mwa 2022, mvua zilipochelewa na Ruvu ikapungua. Aprili 2024 hali ikawa kinyume. Serikali ilitangaza kuwa mvua na mafuriko yaliyohusishwa na El Niño yalikuwa yameua watu 155 nchini. Mgawo ukija, familia huweka maji kwenye ndoo na kunawa mikono hupungua. Mafuriko yakija, maji ya vyoo huingia visimani. Kote kuwili mtoto ndiye wa kwanza kuhara.

Hatari isiyo na moshi

Kwa kuwa mkaa hautoi moshi mwingi, tunadhani ni salama ndani ya nyumba. Si kweli. Oksijeni isipotosha, kaboni huungua nusunusu na kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara zaidi ya 200, mwili ukakosa hewa huku mtu amelala. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto chini ya miaka mitano.

Mzazi afanye nini

Usiingize jiko la mkaa chumbani, hata wakati wa baridi au mvua, na hata kama makaa yanaelekea kuzimika. Mkiwa ndani na watu wakaanza kuumwa kichwa kwa pamoja, tokeni nje mara moja kisha muende hospitali.

Loweka maharage usiku kucha na funika sufuria. Yataiva upesi na mkaa utapungua. Ukiweza kuhamia gesi au jiko la umeme la presha, fanya hivyo. Gesi ya mtungi nayo ni kaboni ya kale, lakini haiachi mapafu ya mtoto na moshi wala haikati mti. Mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Maji ya kunywa yachemke hadi yatokote kwa nguvu walau dakika moja, kisha yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko. Kama huna nishati ya kutosha, tumia dawa ya klorini kwa kufuata maelekezo ya pakiti.

Na mtoto akiuliza, mwonyeshe. Jioni ile nilifunua sufuria ya maharage. Matone yalikuwa yamejipanga chini ya mfuniko, yakidondoka moja moja.

“Hiyo ni mvua,” nilimwambia.

Akatazama matone, akatazama makaa, kisha akauliza: “Kwa hiyo shangazi, miti ikiisha, na mvua itaisha?”

Hilo tuliliacha kwa baba yake.