Tunataka hazina, nani atanunua shamba?

Miongoni mwa mifano ya Bwana Yesu upo mmoja unaokaa katika mstari mmoja tu, Mathayo 13:44. Mtu anakuta hazina iliyofichwa shambani. Anaificha tena, na kwa furaha anakwenda kuuza vyote alivyo navyo, kisha analinunua shamba lile.

Mpendwa msomaji, mfano huu tumeuzoea. Macho yetu hukimbilia hazina na kuliruka shamba. Leo nakualika tusimame shambani kidogo.

Wasikilizaji wa Yesu hawakushangaa kusikia habari ya mali iliyofukiwa. Zamani, vita vilipokaribia, mtu alichimba shimo akaficha fedha yake, akitumaini kurudi. Wengi hawakurudi. Ndiyo maana hadi leo, katika mashamba ya Uingereza, utawaona watu wamevaa buti, wanatembea taratibu huku wakipitisha juu ya udongo kifaa kinacholia kikigundua madini chini. Wanatafuta sarafu na vitu vya kale. Mara nyingi wanachopata ni misumari na vifungo vya nguo.

Novemba 16, 1992, mstaafu mmoja aitwaye Eric Lawes aliingia katika shamba la kijiji cha Hoxne, mashariki mwa Uingereza. Siku hiyo hakwenda kutafuta utajiri. Rafiki yake mkulima alikuwa amepoteza nyundo shambani, naye alikwenda kumsaidia kuitafuta. Kifaa kikalia. Alipochimba akaanza kuona fedha na dhahabu ya enzi za Warumi. Hesabu ilipokamilika, sarafu zilikuwa karibu 15,000, pamoja na mikufu, bangili na vijiko vingi vya fedha.

Tazama alichofanya. Alipotambua kwamba ameangukia jambo kubwa, aliacha kuchimba na kutoa taarifa, na sehemu ya hazina akaiacha ardhini kama ilivyokaa. Kwa sababu hiyo wataalamu waliweza kuona jinsi vitu vilivyokuwa vimepangwa ndani ya sanduku la mbao lililokwisha kuoza. Serikali ilimpa zawadi ya pauni milioni 1.75, naye akagawana na rafiki yake mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, na leo imehifadhiwa na Jumba la Makumbusho la Uingereza, jijini London, pamoja na hazina yenyewe.

Sasa twende shamba jingine. Mwaka 2015, karibu na mji wa Leominster, magharibi mwa Uingereza, watu wawili walifukua hazina ya zama za Waviking. Sheria ya huko inataka hazina itolewe taarifa ndani ya siku 14, na kwa kawaida anayeigundua na mwenye ardhi hupewa zawadi. Wao walionyesha vitu vichache, nyingine wakaziuza kwa siri. Picha walizokuwa wamezifuta kwenye simu zilirejeshwa na polisi, zikawaumbua. Inaaminika sarafu zilikuwa takriban 300. Hadi kesi yao ilipoamuliwa, zilikuwa zimepatikana kama 30 tu. Mwaka 2019 mahakama iliwahukumu mmoja miaka 10 jela na mwingine miaka minane na nusu, ingawa vifungo hivyo vilipunguzwa baadaye kwenye rufaa.

Kifaa ni kilekile, udongo ni uleule, na mlio ni uleule masikioni. Tofauti ilikuwa moyoni. Lawes alikwenda kumtafutia mwenzake nyundo. Hawa wawili waliitaka hazina bila mwenye shamba kuhesabiwa.

Jambo hili haliko mbali nasi. Hapa kwetu Tanzania tumekulia katika simulizi za mali ya Mjerumani. Ni kweli kwamba mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walitengeneza mjini Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Kutokana na simulizi za namna hiyo, wako waliochimba usiku chini ya mibuyu na kwenye maboma ya kale, na wako waliomlipa tapeli hadi akiba ya ada ya watoto ikaisha. Mtu wa namna hii naye ameuza vyote alivyo navyo, lakini amenunua shimo tupu.

Wengi wetu hatuchimbi. Lakini je, fedha iliyoingia kwenye simu yako kimakosa? Chenji iliyozidi dukani? Pochi uliyoiokota ndani ya daladala? Mazao ya mjane ambaye hajui bei ya mjini? Hapo napo mlio unasikika, na hakuna anayekuona. Katika Luka 16:10 Bwana anatufundisha kwamba aliye mwaminifu katika lililo dogo ndiye atakayekuwa mwaminifu katika lililo kubwa. Kumrudishia mtu elfu tano yake ni ibada.

Wako wanaouliza: mbona yule mtu wa kwenye mfano hakumwambia mwenye shamba? Yesu hakuwa anafundisha biashara ya viwanja. Alikuwa anatuonyesha thamani ya Ufalme wa Mbinguni. Hata hivyo, mtu yule hakurudi usiku na jembe na gunia. Alilipia shamba, na bei yake ilikuwa kila alichokuwa nacho.

Ndugu yangu, hapa ndipo wengi tunapokwama. Tunataka amani ya Kristo bila kusamehe. Tunataka baraka za ndoa bila uaminifu wa ndoa. Tunataka uponyaji siku ya mkesha, lakini Jumatatu tunarudi kwenye rushwa ileile. Hayo ni kutaka kutoroka na hazina na kuliacha shamba. Na angalia, yule mtu hakuuza mali yake akilia. Aliuza kwa furaha, kwa sababu alikwisha kuona alichokuwa anakiendea.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu hazina ya Hoxne. Baadhi ya vijiko vile vina alama ya jina la Kristo. Huenda aliyevificha alikuwa Mkristo kama wewe na mimi. Alifukia mali yake, akaondoka, hakurudi. Fedha yake ilikaa gizani karibu miaka 1,600 bila kumnunulia hata mkate. Ikiwa alimjua Yule ambaye alama yake ilichorwa kwenye vijiko vyake, basi hazina yake ya kweli hakuiacha shambani.

Jumapili hii, kabla hujatoka kanisani, jiulize swali moja: ni kitu gani ninachokishikilia ambacho Bwana ameniambia nikiuze? Na kama mkononi mwako kuna cha mwenzako, kirudishe leo, kabla jua halijazama.

Ee Bwana, utupe macho ya kuiona hazina yako, na moyo mweupe wa kulipa bei ya shamba. Amina.