Tarakilishi Nayo Ijue Mzizi wa Neno

Mwanafunzi wa sekondari hapa Voi akiulizwa mzizi wa "walipigana", ataondoa wali- mbele na -ana nyuma, abaki na "pig". Kazi hiyo twaifundisha kila mwaka. Ajabu ni kwamba kihariri cha matini anachochapia insha yake hakiiwezi.

Vihariri vina amri ya kuchuja: unataja herufi, nacho kinakutolea mistari yenye herufi hizo. Amri mashuhuri ya aina hii, grep, ni kazi ya Ken Thompson wa Marekani, mwaka 1973, na jina lake lilitokana na amri ya kihariri cha kale kiitwacho ed. Kwa Kiingereza inafaa kiasi, maana maneno mengi ya lugha hiyo hunyumbuka mwishoni tu. Kiswahili hunyumbuka mbele na nyuma, na pengine mzizi wenyewe hugeuka.

Hebu msomaji achuje "iba" katika insha za darasa zima. Ataletewa msiba, shiba na kibanda. Mwizi na wizi hawamo! Neno lililoletwa bure huonekana na kutupwa. Lililoachwa nani atalijua? Mtafiti mchanga atahesabu alicholetewa, na hesabu yake itakuwa ya uongo pasipo yeye kudanganya.

Napendekeza amri mpya, niite "chujamzizi". Ipewe mzizi, iambue viambishi, itambue kuwa lala na laza ni ndugu, kisha ionyeshe mistari bila kufuta chochote. Kando ya kila mstari ieleze ilivyolichanganua neno, ili mwalimu aikosoe. "Paka" wa nyumbani asihesabiwe pamoja na "paka rangi". Watakaosema akili unde imekwisha kumaliza kazi hii nawajibu kwamba chombo kinachokisia hakinipi hakika ya kuwa kimepitia kila mstari.

Elimu yenyewe ipo. Tangu 1985 Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alishughulikia programu ya kuchanganua maneno ya Kiswahili. Nataka ujuzi huo uingie katika kihariri cha darasani, na orodha ya viambishi iwe faili ya kawaida ambayo mwalimu aweza kuifungua na kuiandika upya. Kidawida, Kisaghala na Kitaveta pia ni lugha za Kibantu zenye viambishi vyake, na wa kuviorodhesha ni wanafunzi wa Wundanyi, Mwatate na Taveta wanaovitamka nyumbani kila jioni.